Chumvi ya Wageni

Taiyuan, 12 Oktoba 2006

Kwako Mama Mdogo, uliyenilea tangu mama yangu mzazi alipofariki,

Salamu zitangulie mbele ya kila neno: kwako wewe, kwa Baba Mdogo Laishun, kwa mpangaji wenu Mwalimu Ou, na hata kwa yule nguruwe jike aliyenifukuza hadi kisimani nilipokuja mara ya mwisho. Mimi ni mzima. Chumba changu cha mjini ni kidogo lakini kina dirisha, na tangu nipate shahada navaa shati jeupe kila siku ya kazi, jambo ambalo najua litakuchekesha.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Simu ya dukani kwenu husikilizwa na kila anayekuja kununua kiberiti, na neno lenyewe si la kila mtu.

Baba Mdogo alipopimwa wakati wa mavuno, shinikizo lake la damu lilifika mia moja sabini na nane. Kaka yake alianguka shambani akiwa kijana kuliko yeye, na hakuamka. Kila nikikumbuka hilo naona haya. Nimesomea afya ya watu nisiowajua, ilhali mtu aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule kwenye theluji anakula figili za chumvi asubuhi, mchana na jioni.

Sasa ofisi yetu ina mradi wa kugawa chumvi mbadala kwa nyumba zenye wagonjwa wa shinikizo la damu, nami nilithubutu kukitaja kijiji chetu cha Shangyao mbele ya mkurugenzi. Chumvi hiyo imepunguzwa sodiamu, ambayo ndiyo inayopandisha shinikizo, na mahali pake pametiwa potasiamu, ambayo husaidia kulishusha. Kwa macho haina tofauti na ile ya kawaida. Ulimini huacha uchungu kidogo mwishoni. Haimfai mwenye ugonjwa wa figo wala anayetumia baadhi ya dawa, na ndiyo sababu mlipimwa kwanza. Figo za Baba Mdogo ni nzima. Nakusihi uitumie kila siku, katika sufuria na katika mtungi wa figili, na ile ya zamani uiondoe jikoni kabisa.

Limebaki jambo moja ambalo kalamu yangu inasita kuliandika. Mwezi ujao nesi wa wilaya ataleta kidumu, na Baba Mdogo atatakiwa kutia humo mkojo wake wote wa mchana mmoja na usiku wake. Chumvi tunayokula hutoka kwa njia hiyo, na hakuna namna nyingine ya kuipima kwa uhakika. Mweleze kwa ufundi wako. Mkurugenzi anaitazama Shangyao kwa makini kwa kuwa ni kwetu. Akikitazama kijiji, ananitazama mimi.

Mwanao,
Yunsheng


Shangyao, 19 Novemba 2006

Yunsheng mwanangu,

Barua yako ilifika siku ya upepo, nikaisoma nimesimama nyuma ya mlango. Mwalimu Ou alipoona bahasha alisema mwandiko wako sasa umekuwa wa katibu wa wilaya. Sisi ni wazima. Mahindi tumeyaanika juu ya paa, nguruwe amezaa na ana hasira zaidi kuliko unavyomkumbuka. Baba Mdogo wako mgongo unamsumbua, lakini mdomo haujambo.

Chumvi imefika. Jamani, pakiti nzuri hizo! Nimezipanga juu ya kabati karibu na picha ya marehemu mama yako, mahali ambapo panya hafiki wala mkono mchafu. Walipokuja wazee kuleta posa kwa binti wa shemeji yangu, niliitumia katika kila sahani, na mama wa kijana akaniuliza siri ya tambi zangu. Nikamwambia, "Hii ni chumvi ya mwanangu wa Taiyuan. Haiuzwi popote." Aliondoka na pakiti mbili, kazikumbatia kama anabeba mtoto. Usiogope, nilimuuliza kwanza kama kwao kuna mgonjwa wa figo. Umeniletea heshima, mwanangu, na chumvi yako nasi tunaiheshimu.

Kuhusu kidumu, ulinitwisha mzigo. Nesi alipita nacho njia kuu mchana kweupe, na kila mtu akamuuliza anampelekea nini Laishun. Baba Mdogo wako akaja juu: "Nimekojoa katika dunia hii miaka sitini na minne bila mtu kuniandika daftarini. Leo serikali inataka hadi hicho?"

Nikamwambia, "Si serikali. Ni Yunsheng."

Akageukia ukuta.

Hata hivyo kidumu kilijaa, na nesi akaondoka nacho. Usiniulize zaidi ya hapo. Kilijaa.

Mama yako mdogo,
Cuilan


Taiyuan, 22 Desemba 2006

Kwako Mama Mdogo mheshimiwa,

Nawasalimu nyote katika baridi hii, nikitumaini kwamba kitanda chenu cha udongo kinapata moto wa kutosha chini yake na kwamba mgongo wa Baba Mdogo umetulia. Hapa mabomba yameganda, tunanawa uso kwa maji ya chupa ya chai.

Nakuandikia kwa furaha ambayo siwezi kuificha. Majibu ya maabara yametoka. Chumvi iliyoonekana katika kidumu cha Baba Mdogo haifiki nusu ya ile ya majirani zenu. Katika vijiji vyote vya mradi, hakuna nyumba iliyofanya vizuri kama yenu! Mkurugenzi aliisoma karatasi mara mbili, akaniita ofisini kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi ujao nitasimama mbele ya mkutano wa mkoa kuieleza Shangyao, na nyumba yenu nimeiita nyumba ya mfano.

Naomba radhi kukukumbusha, kwa heshima zote, kwamba chumvi ile ni ya chungu cha kila siku na si zawadi ya posa. Hata hivyo majibu yenyewe yanaonyesha kuwa umeitumia ipasavyo, kwa hiyo sina la kulalamikia.

Kuna jambo dogo tu. Zahanati imeandika kwamba shinikizo la Baba Mdogo bado ni mia moja sabini na sita. Yawezekana kipimo chao ni kibovu, au alitembea haraka siku hiyo. Sikuona sababu ya kulitia katika hotuba.

Mwanao mwenye shukrani,
Yunsheng


Taiyuan, 30 Januari 2007

Kwako Mama Mdogo,

Salamu za heri kwenu wote. Sijapata jibu la barua yangu, nami najipa moyo kwamba ni theluji iliyomchelewesha tarishi.

Mkutano ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Niliulizwa maswali nikayajibu, na gazeti la mkoa limeandika habari fupi yenye jina la kijiji na jina la Baba Mdogo. Nimewatumia nakala mbili, moja ya kwenu na moja ya kubandika dukani. Natumaini hamtaona vibaya.

Kwa masikitiko, sitaweza kuja nyumbani Februari kwa mwaka mpya wetu wa Kichina. Mkurugenzi ameniomba nibaki niandike ripoti kamili. Nitawakumbuka mezani. Je, Baba Mdogo hajambo? Andika hata mistari miwili.

Mwanao,
Yunsheng


Shangyao, 4 Machi 2007

Yunsheng,

Salamu zako zilifika, na magazeti yalifika. Nguruwe hajambo, na wanawe tumewauza. Mwalimu Ou anakusalimu, ingawa siku hizi hanitazami machoni wala mimi simtazami. Nimeandika hayo kwanza ili mkono uzoee.

Baba Mdogo wako ameanguka. Ilikuwa asubuhi, siku chache kabla ya mwaka mpya, akiwa anavaa viatu. Upande wa kulia umelala, na maneno yanamkwama kooni. Tulimpeleka hospitali ya wilaya na sasa amerudi, yuko hapa kitandani. Sikukuambia. Watu walisema nikupigie simu nikakataa, na nitakueleza kwa nini, kisha usije.

Siku za kwanza nilitumia chumvi yako kama ulivyoagiza. Lakini unajua wanaume wa huku mchana hawali ndani. Saa sita kila mmoja hubeba bakuli lake hadi njia panda, wakachuchumaa ukutani, wakala wakichokoana. Basi mmoja wao, Mzee Pang, akachovya vijiti vyake katika bakuli la Baba Mdogo wako, akatafuna, akatema. "Laishun, mkeo kakuchoka? Huu uchungu ni wa nini? Kesho nitakuletea jeneza badala ya siki ya kutilia tambi!" Wakacheka wote hadi wengine wakamwaga mchuzi.

Alirudi na bakuli limejaa. Angepiga kelele ningemjibu, unanijua. Hakupiga. Aliliweka mezani taratibu akasema, "Cuilan, usinipikie tena kitu cha kuchekesha watu."

Nikairudisha chumvi ya zamani siku ileile. Yako nikaifanya ya wageni. Nilijiambia kwamba kitu kizuri hupewa mgeni, ndivyo tulivyolelewa, wala sikosei. Nilijua nakosea.

Siku ya kidumu ilipofika nikaingiwa na hofu. Mkojo wake ungesema kila kitu, tena ungesema mbele ya mkurugenzi wako. Nikambishia hodi Mwalimu Ou. Yeye ni mtu wa kusini, hula samaki wa mvuke na mboga za kuchemsha. Chakula chake hata nzi hukiruka. Nikamwambia, "Mwalimu, nina shida ya aibu."

Aliposikia akaweka kitabu chini. "Mama Cuilan, hii si haki."

"Mwalimu, wewe kojoa tu. Haki niachie mimi."

Akakubali, masikio yamemwiva kama pilipili. Nilimsamehe kodi? Sikumsamehe hata kodi. Alifanya kwa kunionea huruma. Hicho ndicho kidumu ulichokipigia hotuba.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Gazeti lako limebandikwa ukutani dukani: nyumba ya mfano, Fan Laishun. Na Fan Laishun huyo mdomo umepinda. Watu huja kumwona na mayai mkononi, wakaketi, wakakohoa, kisha wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile chumvi ya Yunsheng ndiyo iliyomwangusha, sivyo?" Pang anatangaza kwamba yeye aliionja sumu mapema, na kwamba mke anayemtilia mumewe uchungu chakulani hapaswi kulia. Nyumba zilizokuwa zikiitumia zimeitupa. Mama wa akina Geng, ambaye presha yake ilikuwa imeshuka vizuri, ameimwaga kwenye pipa la nguruwe.

Nami nimekaa kimya. Nikisema kwamba hakuila, nimekiri habari ya kidumu, na wewe utaaibika mjini. Nikinyamaza, mimi ni mwuaji wa mume na chumvi yako ni sumu. Kila asubuhi naamka nimechagua moja, na nikifika mlangoni nimechagua jingine.

Usije. Siwezi kukutazama.

Cuilan


Taiyuan, 14 Machi 2007

Kwako Mama Mdogo, na kwa Baba Mdogo, msomee ikiwa anasikia,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila salamu niliyoiandika ilionekana kama shati jeupe juu ya mwili usiooga, nikaifuta. Nawapa pole. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo.

Umeandika kana kwamba aibu hii ni yako. Mimi niliiona karatasi ya maabara na karatasi ya zahanati zikiwa zimelala juu ya meza moja. Moja ilisema mzee huyu hali chumvi. Nyingine ilisema damu yake inagonga kama nyundo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Wewe ulikuwa umekwisha kunieleza kwa mkono wako kwamba pakiti zilikuwa juu ya kabati na kwamba ulizipikia wageni. Mwishoni ukaniambia nisiulize zaidi, nami nikatii haraka mno, kwa sababu jibu lingeniharibia hotuba. Laiti ningeuliza mwezi Desemba, Baba Mdogo angekuwa na majuma kadhaa ya chumvi nyingine na dawa. Huenda angeanguka vilevile. Sitajua kamwe, na hilo nimejitakia.

Juzi niliingia kwa mkurugenzi. Nilikuwa nimeiandaa hotuba nyingine ndefu, lakini nilipotaja tu kwamba mkojo haukuwa wa Baba Mdogo, alinikata kwa swali moja, akiniita kwa jina la ukoo.

"Bwana Qiao, mkojo ulikuwa wa nani?"

"Wa mwalimu, mheshimiwa."

"Mwalimu gani?"

"Mpangaji wao. Mtu wa kusini."

Alicheka, Mama Mdogo. Alicheka kwa dhati hadi akashika meza. Kisha akavua miwani, na alipoivaa tena hakuwa anacheka. "Na ile presha uliiona?" Nikasema niliiona, nikamsimulia pia habari ya bakuli la njia panda. Akasema, "Yule mama alimficha mumewe asichekwe. Wewe ulimficha nani?"

Takwimu za nyumba yenu zimeondolewa, na nimeagizwa kuandika masahihisho yatakayosomwa mbele ya mkutano uleule, kwa jina langu. Sitakwenda tena vijijini kwa niaba ya ofisi. Nitakaa mezani kupanga karatasi za wenzangu. Ni adhabu ndogo. Jina la Mwalimu Ou sikulitaja, nawe mwambie hivyo ili apate usingizi.

Kuhusu majirani, sikuombi uwaeleze. Najua uzito wake. Ukinyamaza nitakuelewa, na nitatafuta njia nyingine ya kuwaelimisha akina Geng.

Umeniambia nisije, nami kwa mara ya kwanza sitakutii. Nina ruhusa ya siku chache mwanzoni mwa Aprili. Nitashuka basi kijiji cha jirani magharibi ikiingia, nitapita njia ya nyuma kwenye tanuri la matofali, watu wakiwa ndani wanakula. Hakuna atakayeniona wala kukuuliza. Nikishakaa na Baba Mdogo kidogo, nitaondoka vivyo hivyo.

Mwanao,
Yunsheng


Shangyao, 27 Machi 2007

Yunsheng mwanangu,

Barua yako nimemsomea Baba Mdogo wako yote, hata pale mkurugenzi alipocheka. Alitoa sauti. Mwalimu Ou anasema ilikuwa kicheko, mimi nasema ilikuwa kikohozi, tumeshindwa kukubaliana. Nesi amekuja kumpima: mia moja hamsini na mbili. Dawa anakunywa, na chumvi yako anaila kila siku, kwa kuwa hawezi tena kutembea hadi mahali pa kuchekwa. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeiacha ibaki, ingawa inaniuma. Kila kijiko anasema, "Chungu." Ndilo neno lake lililonyooka kuliko yote. Namwambia, "Chungu, lakini meza." Anameza.

Majirani nimewaeleza.

Sikupanga. Jumapili nilikuwa nachota tambi, saa sita, nikasikia sauti ya Pang hadi jikoni kwangu. Nikatia pakiti zote zilizobaki katika aproni, nikabeba bakuli, nikaenda njia panda. Mwanamke haendi kuchuchumaa pale, unajua. Wote wakaacha kutafuna.

Pang akasema, "Karibu, bibi mwenye dawa."

Nikasema, "Pang, umenisema mwezi mzima, sasa nisikilize kidogo. Laishun hakuila chumvi hii. Aliila siku nne, ukamcheka, nikaitoa. Alikula ileile unayokula wewe hadi asubuhi aliyoanguka. Na mkojo uliokwenda mjini si wake. Niliudanganya mkoa mzima."

Mtoto wa Geng akauliza, "Ulikuwa wa nani?"

Sikutaka kusema. Lakini Mwalimu Ou alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui alifika saa ngapi, na yeye mwenyewe akainua mkono kama wanafunzi wake wanavyofanya darasani. "Ulikuwa wangu."

Walicheka, Yunsheng. Sijawahi kusikia kicheko kirefu namna ile. "Kumbe Mwalimu ndiye aliyetoka gazetini!" "Mwalimu, tupe na sisi kidogo tukafaulu!" Nilisimama katikati na bakuli langu, nikitamani ardhi inifunike. Haikunifunika. Kicheko kikaisha.

Mama wa akina Geng hakucheka. Alikuwa mlangoni kwake ng'ambo ya njia. Akaniuliza kwa sauti, "Kwa hiyo yangu niliyowamwagia nguruwe ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Na wewe uliniona naimwaga ukanyamaza?"

Nikasema, "Ndiyo, dada. Nilikuona."

Akavuka njia, akachukua pakiti mbili katika aproni yangu bila kusema ahsante, akarudi ndani akafunga mlango. Wengine wawili walikuja jioni. Wengine hawajaja. Pang aliondoka na bakuli lake kabla halijaisha, na tangu siku hiyo anapita upande mwingine wa barabara. Yeye naye ana presha, mkewe aliniambia zamani. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Sasa kuhusu kuja kwako. Usipite kwenye tanuri la matofali, wala usingoje magharibi. Mtoto wangu hataingia nyumbani kwangu kama mwizi wa kuku. Shuka basi hapa hapa, lile la saa tano, utembee njia kuu hadi njia panda. Utawakuta wote na mabakuli yao. Watakuuliza habari za gazeti, watakuuliza habari za mkojo, na yuko atakayekuuliza jambo gumu kuliko hayo. Wajibu wote, kisha uje ule.

Ni mwendo mfupi, mwanangu. Mimi nimekwisha kuupita.

Mama yako,
Cuilan